Simu ya laini mbili kwa msafiri wa Unguja na Pemba: ipi uanze nayo

Mama yangu mdogo alipokwenda Chennai kutibiwa, aliitoa laini ya nyumbani, akaifunga kwenye kitambaa, akatia laini ya India. Siku ya kulipa hospitali, namba ya siri ya benki ikatumwa kwenye ile laini, na kitambaa hakijulikani kiliko. Huku nyumbani tulihangaika siku mbili. Tangu hapo mtu akiniuliza simu ya safari, siangalii kamera. Naangalia kama laini ya nyumbani itabaki hai mkononi mwake mpaka arudi.

Ya kwanza kwangu ni inayochukua kadi mbili na eSIM pia, yaani laini isiyo na kadi. Samsung Galaxy S21 na zilizofuata zimo humu, hata A54, ila hutofautiana kwa soko zilikotengenezewa. Kwa hiyo muuzaji wa Darajani asikutosheleze kwa maneno. Bonyeza *#06#: ukiona namba ndefu iliyoandikwa EID, eSIM ipo. Uzuri wake ni kuwa bando la Saudia au Dubai unalipakua ungali Unguja, ukishuka Jeddah unawasha tu. Lakini eSIM nyingi za wasafiri ni za intaneti peke yake, hazina namba ya kupigiwa. Anayekaa mwezi atahitaji kadi ya huko.

Ya pili, na ndiyo ninayowashauri wazee wetu wa Umra, ni simu ya kadi mbili yenye tundu la tatu la memori. Tecno, Infinix na Itel nyingi ziko hivyo na bei yake inashikika. Itoe trei mwenyewe uhesabu. Kama matundu ni mawili tu, na moja linagombaniwa na laini na memori, hiyo mimi naishusha hadi ya nne, kwa sababu picha zikijaa mtu huchomoa laini ya nyumbani.

Anayekwenda India aulize pia kama simu ina VoLTE, yaani uwezo wa kupiga simu kupitia 4G. Mtandao wa Jio hauna 2G wala 3G, hata kupiga simu kunapita kwenye 4G. Na wale wanaobeba kitochi kwa ajili ya laini ya pili wajue kuwa zipo nchi zilizokwisha kuzima 2G, mtandao wa zamani ambao vitochi vingi huutegemea. Singapore ilizima mwaka 2017.

Ya tatu ni iPhone, kuanzia XS ya mwaka 2018: kadi moja na eSIM moja. Ni simu imara, lakini chunguza ilikotoka. iPhone 14 na zilizofuata, zile za soko la Marekani, hazina tundu la kadi kabisa, na ndizo jamaa wanazotuletea zawadi. Itakubidi ubadilishe laini ya nyumbani iwe eSIM kabla ya kuondoka, na simu ikivunjika ugenini huna kadi ya kuhamishia kwenye nyingine. Za soko la China bara nyingi huchukua kadi mbili, zinamfaa mfanyabiashara wa Guangzhou.

Ya mwisho ni simu iliyofungwa kwa kampuni moja ya nje, isiyokubali laini za kampuni nyingine. Hiyo usiichukue hata kwa bei ya kutupa. Tia laini za kampuni mbili tofauti palepale dukani, piga kwa kila moja. Kisha tuma IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090 kabla ya kutoa pesa, ujue kama simu ni halali. Mwaka 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilizizima simu bandia, na waliopata hasara ni wanunuzi.

Kabla ya kwenda uwanjani, waombe kampuni yako wakufungulie romingi, yaani laini ya nyumbani ifanye kazi nje ya nchi, halafu uzime data ya laini ya nyumbani ili salio lisiliwe. Meseji za benki zitaingia. Kupokea simu kunatozwa, basi ndugu wakupigie kwa namba ya huko.

Mama mdogo safari ya pili alikwenda na Tecno ya matundu matatu. Laini moja tuliiandika "Nyumbani", nyingine "India", akafanya mazoezi ya kuchagua kwa wiki nzima.