Treni, ndege au basi India: uzoefu wangu nikisoma Pune

Kila mwaka wageni wapya wa India, wa masomo na wa matibabu, wananiuliza swali lile lile: kati ya treni, ndege na basi, ipi nafuu? Kwa bei tu, jibu halina ugumu. Treni iko chini, ndege iko juu, basi mara nyingi linakaa katikati. Lakini India nauli ndiyo jambo la mwisho kuangalia. La kwanza ni kama tiketi uliyoshika ina nafasi kweli, la pili ni kilo za mzigo wako, la tatu ni wapi utashushwa na saa ngapi. Mimi nimekaa Pune, mji ulio kama kilomita 190 kwa reli kutoka Mumbai, na njia nilizozizoea ni tatu: Mumbai, Delhi na Bengaluru. Kila moja ina jibu lake.

Nianze na treni, maana ndiyo yenye maneno mengi.

Unaweza kulipa nauli yote ya treni, ukatumiwa tiketi yenye namba na jina lako, na bado usiwe na safari. Angalia herufi. Ikiandikwa CNF, umepata: namba ya behewa na ya kitanda ipo. Ikiandikwa RAC, utapanda, ila kitanda kimoja cha pembeni mnagawana watu wawili, mmekaa mnatazamana na miguu mmeikunja, mpaka abiria mwingine aghairi safari ndipo mmoja wenu ahamishwe. Ikiandikwa WL, uko kwenye foleni ya kusubiri. Kama ulinunua mtandaoni na orodha ya mwisho ya abiria ikatoka huku bado uko WL, tiketi inajifuta yenyewe, pesa inarudishwa, na kupanda hupandi. Orodha hiyo inatoka chini ya siku moja kabla ya safari. Pesa utaipata, sawa, lakini wakati huo tiketi ya ndege imeshapaa na basi zuri limeshajaa. Ndiyo maana mtu akiniambia "nina tiketi", namuuliza kwanza imeandikwaje.

Tiketi zinafunguliwa siku 60 kabla ya safari. Zamani zilikuwa 120, zikapunguzwa Novemba 2024. Karibu na Diwali na Holi, na huku Maharashtra wakati wa sikukuu ya Ganpati, treni nzuri zinajaa siku hiyo hiyo zinapofunguliwa. Ukichelewa kuna mgao wa dharura unaoitwa Tatkal, unaofunguliwa siku moja kabla: saa nne asubuhi kwa mabehewa yenye kiyoyozi, saa tano kwa yasiyo nacho. Unazidishiwa nauli na nafasi zinakwisha ukiwa bado unajaza majina. Tangu Julai 2025 kuna kizingiti kingine: kununua Tatkal mtandaoni lazima akaunti yako ithibitishwe kwa Aadhaar, kitambulisho cha India. Mgeni anayeishi hapa anaweza kuomba Aadhaar akishatimiza siku 182 za kukaa nchini. Mgonjwa aliyekuja kwa mwezi mmoja hana, kwa hiyo Tatkal ya mtandaoni aisahau.

Kinachobaki kwa mgeni ni mgao wa watalii wa kigeni. Delhi ofisi yake iko ndani ya stesheni ya New Delhi, ghorofa ya kwanza, na unakwenda na pasipoti yenyewe, si kivuli. Nje ya stesheni watakufuata vijana wenye Kiingereza kizuri na nyuso za huruma: ofisi imefungwa leo, imehamishwa, iliungua, twende nikupeleke. Wanakupeleka kwa wakala anayekuuzia kwa bei ya ajabu. Usisimame hata kubishana nao, panda ngazi.

Ukishapata CNF yako, safari ndefu ya treni India ni raha ambayo sikuitegemea. Aliyezoea SGR yetu ya Dar hadi Dodoma ajue huku habari ni nyingine: ile unakaa, hizi unalala. Madaraja ni mengi, ila mgeni anahitaji kujua matatu. SL ni vitanda bila kiyoyozi, madirisha wazi, bei ya chini kabisa, na kwa mtu asiye na nafasi pale kuja kukubanana pembeni ni jambo la kawaida. 3A ina kiyoyozi na vitanda vya ngazi tatu. 2A ni ngazi mbili, ina pazia na nafasi zaidi. Mimi ni mtu wa 3A. Usiku mhudumu anakuletea bahasha ya karatasi ya kahawia yenye mashuka mawili yaliyopigwa pasi na kitaulo kidogo, pamoja na mto na blanketi. Kitanda cha kati kinakunjwa mchana kiwe mgongo wa kiti cha chini. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi mwenye nacho ana haki ya kukiinua alale, na hapo wote wa chini hamwezi kukaa wima tena. Ukichagua kitanda, wa juu ndiye hasumbuliwi na mtu. Cha pembeni ni kifupi. Warefu mtalala miguu imekunjwa.

Mizigo inawekwa chini ya kitanda cha chini, ambako kuna vipete vya chuma. Kwenye jukwaa la stesheni wanauza minyororo myembamba na kufuli: nunua, pitisha kwenye kipete, funga begi, kalale. Usione aibu, Wahindi wenyewe wanafanya hivyo. Alfajiri utaamshwa na muuza chai anayepita na birika, vikombe vya karatasi vidogo kama vya kahawa ya Kariakoo.

Njia niliyoiheshimu zaidi kwa treni ni ya Delhi. Mwanafunzi wa Kitanzania akitaka shughuli ya pasipoti ubalozi uko New Delhi, hivyo siku moja lazima uende. Kutoka Pune ni zaidi ya kilomita 1,500. Jhelum Express inaondoka Pune jioni, usiku unaulala, kesho yake unaipita Bhopal, Jhansi, Gwalior na Agra, unaingia Delhi usiku wa pili. Ni zaidi ya saa 24. Nauli ya SL haifiki rupia 1,000 na 3A inacheza chini kidogo ya 2,000. Ndege ni saa mbili na kidogo, na ukinunua mapema unaweza kupata kwa 5,000 hivi. Kwa mwanafunzi mwenye likizo, treni. Kwa mwenye miadi ya ubalozi Jumatatu na mtihani Jumatano, ndege kwenda na treni kurudi. Hivyo ndivyo ninavyofanya mimi. Kwenda ndiko kwenye saa ya kuwahi, kurudi hakuna anayekungoja.

Kuna miezi ambayo ushauri huu unabadilika. Desemba na Januari ukungu unafunika kaskazini yote, treni za Delhi zinachelewa kwa saa nyingi, na ndege nazo zinaahirishwa au kufutwa. Miezi hiyo acha siku nzima ya akiba, usiweke miadi ya ubalozi asubuhi ile ile unayofika. Juni hadi Septemba ni masika ya huku: Mumbai inafurika, na reli ya Konkan inayoshuka Goa inatumia ratiba yake ya mvua, ya mwendo wa pole, kwa sababu mlima unaweza kuteremka juu ya njia. Kwa uzuri wa kutazama dirishani, lakini, Konkan wakati wa mvua haina mpinzani.

Sasa Bengaluru, ambako treni inashindwa. Ukitazama ramani utaona sababu. Barabara kuu inashuka moja kwa moja kupitia Satara, Kolhapur, Belagavi na Hubballi, wakati Udyan Express inayotoka Mumbai inazunguka kwa Solapur na Kalaburagi. Basi la usiku linachukua saa 14 au 15 hivi, treni hiyo karibu saa 20. Na mabasi haya ni ya kulala kweli: upande mmoja vitanda vya watu wawili, upande wa pili vya mtu mmoja, chini na juu, kila kimoja na pazia, taa na sehemu ya kuchaji simu. Dada zangu mtakaosafiri peke yenu, chagueni kitanda cha mtu mmoja. Kwenye programu za kukatia tiketi nafasi zilizochukuliwa na wanawake huonyeshwa kwa rangi ya waridi.

Kasoro zake nazijua kwa mgongo wangu. Vitanda vya nyuma, juu ya matairi, vinakurusha kila tuta, na matuta ya India hayana idadi. Choo hakuna, basi linasimama hotelini mwa barabarani mara moja usiku, dereva anakula, anaondoka bila kuhesabu watu vizuri, kwa hiyo usizame kwenye soga. Mabasi mengi ya binafsi hayatoki kituo kikuu, yanatoka kando ya barabara mbele ya duka la wakala. Kampuni moja, jina nalihifadhi, ilitusimamisha pale Wakad, pembezoni mwa Pune, na mabegi hadi karibu saa sita usiku, basi la saa tatu, na kila tukipiga simu konda anajibu dakika tano. Hakuna pa kukaa, hakuna choo, na wakala alishafunga duka lake akaenda zake. Tangu hapo naangalia kwanza mabasi ya serikali za majimbo. Yanakuwa na vitanda vichache, mengi ni viti vya kulalia nyuma tu, lakini yanatoka kituo kinachojulikana, na ukiwa na shida kuna dirisha la kwenda kugonga.

Ndege ya Bengaluru ni saa moja na nusu angani, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Uwanja wa Kempegowda uko Devanahalli, karibu kilomita 40 kutoka katikati ya mji, na foleni za Bengaluru zinajulikana dunia nzima. Upande wa Pune uwanja uko Lohegaon, ndani ya kambi ya jeshi la anga. Mlangoni askari anataka tiketi na pasipoti kabla hujaingia hata ukumbini. Wenyeji wanapita kwa mfumo wa kutambua uso unaotumia Aadhaar, wewe unapanga mstari. Aliyekusindikiza anaishia nje. Ukijumlisha yote ni nusu siku imekwenda. Bado ni haraka kuliko basi, ila basi linakula usiku uliokuwa ulale, na asubuhi linakushusha Majestic, katikati ya mji, hujalipia chumba.

Mzigo ndio unaowaumiza wageni kuliko kitu kingine. Unatoka Dar au Nairobi na mabegi mawili ya kilo 23, unatua Mumbai, na kwa tiketi nyingine kabisa uliyonunua kwa bei nzuri unataka kuunganisha ndege ya ndani. Ndege za ndani za India nyingi zinakupa kilo 15 za begi la chini na 7 za mkononi. Kilo zinazozidi zinalipiwa moja moja, kila moja mamia ya rupia, na kwa mabegi mawili ya unga, dagaa na vitenge ziada inaweza kupita nauli yenyewe. Ama nunua safari nzima kwenye tiketi moja ili ruhusa ya kilo iwe ile ya kimataifa, ama panda treni: SL na 3A zinaruhusu kilo 40 kwa mtu, 2A kilo 50, na mimi sijawahi kuona mtu akiletewa mizani.

Wanaosindikiza wagonjwa Chennai, Hyderabad au Delhi sitawapotezea muda: ndege. Kiti cha magurudumu kiombwe wakati wa kukata tiketi. Treni iwe kwa safari fupi za baadaye, mgonjwa akishapata nafuu, na iwe 2A kitanda cha chini.

Imebaki Mumbai na Pune. Hapo ndege haina maana. Mchana, bila mizigo mizito, treni ni tamu: Deccan Queen, iliyoanza mwaka 1930, bado inakimbia kila siku, ina behewa la kula, na inapita milima ya Bhor Ghat kati ya Karjat na Lonavala. Treni zinazopanda kutoka Mumbai zinaongezewa vichwa vya kusukuma kwa nyuma pale Karjat, na wakati vinafungwa wauzaji wa vada pav, mkate wenye kitonge cha viazi vya kukaanga, wanakimbilia madirishani; toa chenji mapema. Lakini ukitua Mumbai usiku kutoka nyumbani, umechoka, na mabegi yako mawili, treni ya nini? Ondoka na teksi ya Pune iliyokatwa kabla kwenye dirisha la ndani ya uwanja, mgawane nauli watatu au wanne wa ndege moja. Kuna barabara ya kasi yenye kulipia, na kama hakuna foleni pale ghat, baada ya mwendo wa saa tatu hadi nne mko Pune. Mkiwa mmoja mmoja, kesho asubuhi nendeni Dadar, mtaa wa Mumbai, mkapande Shivneri, basi la serikali ya Maharashtra. Zinapishana mchana kutwa na buti linabeba begi kubwa bila maneno.