Bia Kali za Ubelgiji: Ipi Ununue Kwanza

Mbele ya rafu ya bia kali za Ubelgiji, wengi hutazama asilimia ya kileo kabla ya kitu kingine. Mimi nasema iache kwanza. Zote ni kali. Swali ni kama mpishi wa bia ameweza kuuficha ukali wake. Bia nzuri hukupa tunda na viungo, halafu joto linakuja polepole kifuani. Ikinuka spiriti tangu ukiisogeza puani, hiyo si nzuri.

Namba moja kwangu ni St. Bernardus Abt 12, asilimia 10, ya kijiji cha Watou, Ubelgiji. Kiwanda hiki kilipika bia za monasteri ya Westvleteren kwa leseni kuanzia 1946 hadi 1992, na undugu huo ungali mdomoni: tende, zabibu kavu, sukari iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi, na mwisho mkavu, usioacha utamu ukigandia ulimini. Westvleteren 12 yenyewe ni bora kweli, ila watawa huiuza wenyewe tena kwa kipimo, na walanguzi huipandisha bei vibaya mno. Usiihangaikie kama Abt 12 ipo.

Ya pili ni Westmalle Tripel, asilimia 9.5. Ni ya dhahabu, ina ndizi mbivu na karafuu zitokanazo na hamira, si viungo vilivyotiwa, kisha uchungu safi wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, unaufuta utamu wote. Anayedhani bia kali lazima iwe nyeusi na nzito aanzie hapa.

Rochefort 10 naiweka ya tatu, ingawa siku nyingine ningeipandisha. Asilimia 11.3, tini kavu na chokoleti. Ni ya kunywa taratibu, chupa moja kwa jioni nzima. Mgeni wa bia hizi huenda ikamlemea.

Duvel, asilimia 8.5, ni nyepesi mdomoni na povu lake ni zuri ajabu, lakini hiyo ndiyo hatari yake: inashuka kama maji. Chimay ya bluu, asilimia 9, ni ya kuaminika.

Kabla ya kuonja yoyote kati ya hizi, simamisha chupa siku nzima ili hamira itulie chini. Usiinywe ikiwa barafu, maana baridi kali huua harufu. Bia nyeusi zinataka nyuzi joto 10 hadi 14 za Selsiasi, za dhahabu chini kidogo. Mimina kwenye bilauri pana yenye mguu, uache mashapo kwenye chupa, unuse kabla hujanywa, kisha rudia bilauri ikishapata joto. Mara nyingi tende ya Abt 12 hujitokeza katika funda hilo la pili.

Tripel inunue ikiwa changa. Abt 12 na Rochefort 10 nunua mbili mbili, na ile ya pili ifiche gizani miaka miwili au mitatu ikomae.