Hatua Saba katika jumuiya ndogo ndogo: tathmini yetu

Jumuiya ndogo ndogo ya Kikatoliki ni majirani tu, hawakuchaguana. Anayedai na anayedaiwa wanakaa mkeka mmoja, na mweka hazina ana watu wasiomwamini. Tangu mwaka 1976, maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipozifanya jumuiya hizi kipaumbele cha kichungaji, watu hawa hawa ndio wanaotakiwa kusali pamoja kila wiki, padre hayupo. Kwa kazi hiyo hatujaona chombo kizuri kuliko Hatua Saba, njia ya kusali na kushirikishana Neno la Biblia iliyotoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini.

Mahitaji ni Biblia, mshumaa na kiongozi anayetazama saa. Watu 10 hadi 15 wanatosha.

Mmoja anamkaribisha Bwana kwa sala fupi, kisha Injili ya Jumapili ijayo inasomwa. Katika hatua ya tatu kila mtu huchagua neno au maneno machache yaliyomgusa, mathalani "angali mbali" katika habari ya mwana mpotevu, na kuyatamka mara tatu polepole. Wengi hukosea papo hapo: wanasoma aya nzima au wanaanza kufafanua. Kiongozi awazuie kwa upole.

Hatua ya nne ni ukimya wa dakika 3 hadi 5, na ndiyo inayorukwa zaidi, au kujazwa wimbo. Inatuuma, maana waliokosana wakinyamaza pamoja hakuna wa kushinda. Ukimya huo ndio unaolainisha hatua ya tano, ambapo kila mtu hueleza neno lilivyomgusa yeye. Akisema "wapo wengine humu," hicho ni kijembe. Arudishwe kwenye "mimi". Asijibiwe, asisahihishwe. Kanuni hii ikishikwa, hata yule anayesemwa mtaa mzima kwa ulevi husikilizwa mpaka mwisho, na huko kusikilizwa tu tayari ni neema.

Hatua ya sita ni kupanga tendo, na huharibika kwa namna mbili. Kwanza, "tumtembelee mgonjwa" bila jina wala siku: hakuna atakayekwenda. Andikeni nani anapeleka maji na kuni, Jumatano saa 10 jioni, na wiki inayofuata muulizane. Pili, daftari la michango hufunguliwa hapo hapo. Asiye na fedha huinamisha kichwa, na wiki ijayo haji. Michango na matangazo visubiri mpaka sala za hatua ya saba ziishe, na majina ya wanaodaiwa yasisomwe hadharani kamwe.

Njia hii ina mipaka. Haifundishi maana ya vifungu vigumu; hayo muombeni katekista siku nyingine. Fedha zikipotea, kushirikishana Neno hakufuti hesabu: daftari lipelekwe kwa halmashauri ya parokia, na aliyekosa aendelee kualikwa kwenye sala.