Amplifaya ya valvu kwa mpiga theremini: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Karibu kila ushauri kuhusu amplifaya za valvu (zilizo na mirija ya kioo inayokuza mawimbi ya umeme) umeandikwa kwa ajili ya wapiga gita, na mpiga gita hutafuta ile hatua ambapo sauti inaanza kukwaruza. Mpiga theremini anatafuta kinyume. Ala hii ya kielektroniki, aliyoibuni Mrusi Lev Termen mnamo 1920 hivi, hupigwa bila kuguswa: mkono mmoja karibu na antena iliyosimama huamua noti, na mwingine juu ya antena ya kitanzi huamua ukubwa wa sauti. Mkono huo wa pili ndio unaoanzisha noti, kuivimbisha na kuizima. Amplifaya ikilemewa, hubana tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo. Unashusha mkono taratibu, husikii kinachopungua, halafu sauti inakatika ghafla. Kwa hiyo kigezo changu cha kwanza si chapa wala umri wa amplifaya, ni kiasi gani inaweza kupaza sauti ikiwa bado safi.

Mkwaruzo wenyewe si dhambi. Theremini hutoa noti moja tu kwa wakati, hivyo valvu zikizidiwa huongeza harmoniki (sauti za juu zinazoambatana na noti) za noti hiyo tu, bila ule uchafu unaosikika noti kadhaa za gita zinapokwaruzwa pamoja. Ukiutamani, nunua pedali ya kukwaruza sauti unayoweza kuizima kwa mguu.

Kabla ya majina, kuna jambo la ethi (muunganisho wa umeme na ardhi) ambalo wauzaji wengi hawalijui. Theremini huhisi mabadiliko madogo mno ya umeme kati ya antena na mwili wako, na ili itulie inahitaji kuunganishwa na ardhi. Mara nyingi adapta yake haina njia hiyo, kwa hiyo ardhi inapatikana kupitia waya wa sauti, kisha chasisi (fremu ya chuma) ya amplifaya, kisha pini ya tatu ya plagi. Amplifaya kuukuu yenye plagi ya pini mbili inaweza kukupa noti zinazohama ovyo, mbali na hatari ya kukupiga shoti. Kama umeipenda, fundi aibadilishie waya kwanza. Na usikubali kamwe ushauri wa kukata pini ya ethi ili kuondoa mngurumo.

Naiweka ya kwanza Fender Deluxe Reverb, toleo jipya la muundo wa 1965. Ina wati 22, valvu mbili za aina ya 6V6, spika moja ya inchi 12 na mwangwi wa springi. Inatosha sebuleni na kwenye ukumbi mdogo, na mtu mmoja anaibeba. Kinachonivutia zaidi ni soketi mbili katika kila chaneli. Theremini kama Moog Etherwave hutoa mawimbi yenye nguvu kuliko gita la kawaida, na ukiingiza waya kwenye soketi namba 2 unapunguza kama desibeli 6 kabla valvu ya kwanza haijaguswa. Mwangwi uko kwenye chaneli ya Vibrato peke yake, na chaneli hiyo ina ukali wa trebo (sauti nyembamba za juu) usiozimika, kwa hiyo punguza trebo kuliko unavyodhani. Mwangwi nao uwe kidogo: unalainisha mpito kati ya noti, lakini ukizidi unaficha noti uliyoikosa, na wewe ndiye unayehitaji kuisikia.

Ya pili ni Fender Twin Reverb, ukiwa na jukwaa kubwa na mgongo imara. Wati 85, spika mbili za inchi 12, uzito wa karibu kilo 29. Haikwaruzi kirahisi. Ina kitufe cha sauti za kati, ambacho Deluxe haina, na kwa ala inayoimba hasa kwenye sauti za kati hilo si jambo dogo. Lakini usidanganywe na wati: kila zinapozidishwa mara mbili unapata desibeli 3 tu, hivyo tofauti kati ya hizi mbili ni kama desibeli 6. Ni kubwa, ila si mara nne ya sauti kama namba zinavyodokeza.

Anayependa noti nzito za chini aende kwingine kabisa. Makabati ya gita yaliyo wazi nyuma hupoteza besi, kwa sababu sauti ya nyuma ya spika huifuta ya mbele. Ampeg B-15, iliyotoka mwaka 1960 kwa ajili ya gita la besi, ina spika ya inchi 15 ndani ya kabati lililofungwa nyuma, na theremini ikishuka chini humo inasikika kama selo. Ingekuwa nyepesi na rahisi kupatikana, ningeipa nafasi ya kwanza.

Kwa mazoezi ya nyumbani, Fender Princeton Reverb inanitosha. Fender Blues Junior ni ya wati 15 na ni nzuri pia, ila ina soketi moja tu na hulemewa mapema. Dawa yake ni kubadilisha valvu ya kwanza, 12AX7, yenye kipimo cha ukuzaji cha 100, uweke 5751 yenye 70 au 12AY7 yenye 45. Vox AC15 naiweka chini yao kwa sababu trebo yake inachoma kwenye noti za juu. Fender Champion 600, wati 5 na spika ya inchi 6, iache kwa wanaorekodi.

Unapokwenda kujaribu, beba theremini yako. Weka spika nyuma yako karibu na usawa wa sikio. Theremini haina pikapu (kihisi cha nyuzi kama cha gita) wala maikrofoni, kwa hiyo haitapiga mluzi, na wewe utaisikia noti kabla ya wengine. Amplifaya ikae mbali na antena, na ukiisogeza, rekebisha upya noti za theremini. Hakikisha spika imeunganishwa kabla ya kuwasha, la sivyo transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Usifungue chasisi: ndani kunaweza kuwa na volti zaidi ya 400, na kapasita hubaki na umeme hata plagi ikichomolewa. Iache ipate joto dakika chache, shika noti moja ndefu ya kati, kisha ipandishe kutoka kimya hadi juu na kuirudisha, polepole. Kama mahali fulani njiani mkono unasogea na sauti haisogei, ijaribu inayofuata.