Shelfu za chuma za stoo: ipi uanze nayo Arusha na Moshi

Kabla ya kuuliza bei, jua uzito wa mzigo wako. Dumu la oili la lita 20 lina kilo 18 hivi. Ukipanga sita kwenye rafu moja, tayari ni kilo 108. Muuzaji akikwambia shelfu inabeba kilo 500, muulize kila rafu inabeba ngapi, mzigo ukiwa umetandazwa sawasawa.

Ya kwanza kwangu ni engo za matundu, yaani vyuma vya umbo la L vilivyotobolewa, zile za kufunga kwa bolti na nati. Spana moja inatosha kupandisha au kushusha rafu, engo ikipinda unabadilisha hiyo hiyo, na ukihama stoo unazifungua zote na kuzipakia kwenye kirikuu. Kwa vipuri vizito sinunui engo yenye unene chini ya milimita 1.5. Nenda na kalipa (kifaa cha kupimia unene) upime mwenyewe, maana rangi nene huficha bati jembamba. Dai pia vibati vya kona na vyuma vya mshazari vya mgongoni. Wauzaji wa bei chee huviacha, na bila hivyo hata engo nene huyumba. Shelfu yangu ya kwanza pale Unga Limited haikuwa navyo: mwezi wa pili ilianza kulala upande, tukakesha usiku kucha tukishusha mzigo.

Ya pili ni za kupachika, zinazogongwa kwa nyundo ya mpira bila bolti. Kwa faili, dawa na vipuri vidogo ni nzuri sana. Chagua zenye rafu za bati. Rafu za mbao za unga (unga wa mbao ulioshindiliwa) huvimba masika, na Moshi masika si ya mchezo.

Raki za pallet (majukwaa ya kupangia mzigo) ni za mwenye foklifti na sakafu ya zege nene. Kama huna, ruka.

Za kuchomelea naziweka mwisho. Ni imara, lakini rafu ikishachomelewa haihami, na bidhaa zako zitabadilika. Zinafaa kwa mabomba na nondo.

Shelfu yoyote ambayo kimo chake kinazidi mara nne ya kina chake, ifunge ukutani kwa bolti. Matetemeko ya mwaka 2007 ya upande wa mlima Gelai yalisikika mpaka Nairobi, na Arusha iko karibu zaidi. Vizito viweke rafu ya chini. Saruji usiipandishe kabisa. Ilaze kwenye pallet, mbali na ukuta.