Galaxy S24 Ultra au Pixel 9 Pro XL: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Tanga

Mtu wa Tanga anayetafuta simu ya daraja la juu ya Android, asiyetaka kulipa bei ya toleo lililotoka jana, mara nyingi huishia kupima simu mbili: Samsung Galaxy S24 Ultra na Google Pixel 9 Pro XL. Zote ni za mwaka 2024, ya kwanza ikiwa imetangazwa Januari na ya pili Agosti. Zote zina kioo cha inchi 6.8 na cheti cha IP68 cha kuzuia maji na vumbi, na zote zimeahidiwa miaka saba ya masasisho, jambo ambalo miaka michache iliyopita halikuwapo kwa simu yoyote ya Android. Kwa mkazi wa hapa ninaiweka S24 Ultra nafasi ya kwanza na Pixel nafasi ya pili, na sababu zangu hazianzi na kamera, ingawa kamera ndiyo wauzaji huanza nayo. Zinaanza na laini, jua na fundi.

Kuhusu bei nitasema kidogo, kwa kuwa bei ya dukani hufuata dola, ushuru na maneno ya muuzaji. Zilipotoka Marekani, S24 Ultra iliuzwa dola 1,299 na Pixel 9 Pro XL dola 1,099, na wengi hudhani tofauti ni dola 200 kamili. Sivyo. Samsung ya bei hiyo ina nafasi ya GB 256, na Pixel ya bei hiyo ina GB 128. Pixel ya GB 256 ilikuwa dola 1,199. Kwa kuwa hakuna kati ya hizo inayopokea memori kadi, GB 128 kwa mtu anayerekodi harusi na kupokea video za WhatsApp kutoka makundi kumi hujaa mapema mno. Linganisha GB 256 kwa GB 256, na ukitajiwa bei ya Pixel iliyo nafuu kupita kiasi, uliza kwanza ni ya GB ngapi.

Sasa laini. Mkazi wa kawaida wa Tanga ana laini mbili kwa uchache: moja ambayo wateja na ndugu wanaijua na ndiyo yenye fedha, na nyingine ya mtandao wenye bando nafuu zaidi. S24 Ultra ya toleo la kimataifa ina nafasi mbili za laini za kawaida, na juu ya hapo inapokea eSIM, yaani laini isiyo na kadi, inayowekwa ndani ya simu kwa programu. Pixel 9 Pro XL ina nafasi moja tu, hivyo laini ya pili lazima iwe eSIM. Mitandao kadhaa nchini inatoa eSIM, kwa hiyo siku ya kununua hilo si kikwazo. Kikwazo huja siku simu inapozimika. Mwenye laini ya kawaida huchomoa kitrei, huitia laini yake kwenye kitochi, na huendelea kupokea miamala kabla fundi hajalegeza skrubu ya kwanza. Mwenye eSIM ndani ya simu iliyokufa hana cha kuchomoa. Itambidi aende duka la mtandao wake, aweke kidole, athibitishwe kwa namba ya NIDA na kupewa laini upya, na ikiwa ni Jumapili jioni, asubiri Jumatatu. Kwa mfanyabiashara wa samaki pale Deep Sea, ambaye malipo ya alfajiri yote huingia kwenye simu, tofauti hiyo ina uzito kuliko megapikseli zote zilizoandikwa kwenye boksi.

Linaloambatana na hilo ni kwamba Google haiuzi Pixel rasmi nchini Tanzania. Zilizopo zimeletwa na wafanyabiashara kutoka masoko mengine, na Google huwasha huduma kama 5G na VoLTE (kupiga simu za sauti kupitia 4G) kwa kufuata nchi na mitandao iliyoithibitisha. Matokeo yake ni kwamba Pixel nzima, isiyo na kasoro yoyote, inaweza kukaa kwenye 4G mahali ambapo Samsung iliyo kando yake inaonyesha 5G. Kabla ya kulipa, weka laini yako mwenyewe, piga simu, kisha angalia alama ya mtandao juu ya kioo.

Jua la pwani linastahili aya yake. Kwa tarakimu Pixel inashinda, kwani kilele cha mwanga wake ni niti (kipimo cha mwangaza wa kioo) 3,000 na cha S24 Ultra ni niti 2,600. Lakini Samsung ilitumia kioo cha Gorilla Armor ambacho, kwa maelezo ya watengenezaji wake, hupunguza mng'aro wa nje kwa hadi asilimia 75, na mchana wa saa saba ufukweni Raskazone hilo ndilo linaloonekana kwa jicho. Kwenye kioo cha kawaida unajiona wewe mwenyewe, mwembe ulio nyuma yako na wingu lililo juu ya mwembe. Kwenye Gorilla Armor unasoma ujumbe. Tatizo ni kwamba watu wengi, wakitoka dukani tu, hubandika protekta ya bei ndogo, na protekta hiyo hurudisha mng'aro wote uliokuwa umeondolewa. Ukinunua S24 Ultra, ama uiache bila protekta na uitie kava lenye kingo zilizoinuka, ama ununue protekta iliyotengenezwa kwa kuzuia mng'aro. Simu zote mbili husoma alama ya kidole kwa mawimbi ya sauti chini ya kioo, na protekta nene huweza kuvuruga usomaji huo pia.

Maji ya bahari yasikudanganye. IP68 kwa Samsung maana yake ni maji baridi yenye kina cha mita 1.5 kwa dakika 30, na kampuni yenyewe haishauri kuitumia ufukweni au kwenye bwawa la kuogelea. Chumvi hula tundu la chaji. Simu iliyorushiwa maji kwenye boti ioshwe taratibu kwa maji safi, ikaushwe vizuri, na isichajiwe mpaka tundu liwe kavu kabisa.

Joto nalo ni la kuhesabu. Watengenezaji wa simu hizi wanapendekeza zitumike kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi. Wakati wa kaskazi mji wetu hukaribia mpaka huo kivulini, na juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa nje ya soko la Mgandini unavukwa mapema sana. Kwa upande wa nguvu, chipu ya Snapdragon 8 Gen 3 iliyomo ndani ya S24 Ultra ina nguvu kuliko Tensor G4 ya Pixel, hasa kwa michezo na kuhariri video. Pixel ina RAM ya GB 16 dhidi ya GB 12, na kwa kazi za kawaida haisitisiti, lakini anayeitaka kwa michezo mizito asiichague. Betri ni 5,000 mAh kwa Samsung na 5,060 mAh kwa Pixel. Tofauti hiyo haina maana.

Kwenye kamera ndipo Pixel inapodai haki yake, na sitaificha. Tangu Pixel 6 ya mwaka 2021, Google imekuwa ikirekebisha kamera zake kwa mradi uitwao Real Tone, ili ngozi nyeusi na za maji ya kunde zitoke kama zilivyo, zisipauke wala zisigeuke kijivu. Matunda yake yanaonekana kwenye picha ngumu kuliko zote za hapa kwetu: bibi harusi aliyevaa nguo nyeupe, usiku, chini ya taa za rangi, amezungukwa na mashangazi wenye weusi wa aina tofauti. Samsung hupenda kuangaza uso na kunoa kila kitu, hata kope zikaonekana kama zimechorwa. Pixel huacha uso na kivuli chake. Mpiga picha wa sherehe, au mama anayetaka picha za watoto wake zifanane na watoto wake, anayo sababu halali ya kuupindua mpangilio wangu na kuiweka Pixel mbele. Kamera ya mbele ya Pixel nayo ina megapikseli 42, na ya Samsung 12.

Kwa kukuza picha, Samsung inarudi mbele. Ina kamera kuu ya megapikseli 200 na kamera mbili za kuvuta mbali, moja ya mara tatu na nyingine ya mara tano. Pixel ina moja ya mara tano. Anayesimama ufukweni na kutaka meli iliyotia nanga mbali na bandari ataona faida, ingawa ile mara 100 inayotangazwa ni ya kuwaonyesha marafiki tu. Upande wa video, Pixel ina huduma iitwayo Video Boost, inayopeleka video yako kwenye kompyuta za Google ili isafishwe na kurudishwa ikiwa bora. Inavutia sana kwa mwenye intaneti ya waya nyumbani. Kwa anayeishi kwa bando la wiki, dakika chache za harusi zikipandishwa huko bando limekwisha, na harusi yenyewe haijafika kwenye kukata keki.

Kisha kuna kalamu. S Pen hukaa ndani ya S24 Ultra yenyewe, na watu wengi huichomoa siku ya kwanza na kuisahau. Wanaoitumia, hata hivyo, huitumia kweli. Nimeona mchora piko wa Ngamiani akimwonyesha bibi harusi ua la mkononi: alipiga picha ya kiganja cha mteja, akachora juu yake kwa kalamu, akafuta jani moja, akalipindisha kuelekea kidole cha shahada, mteja akakubali, ndipo hina ikafunguliwa. Mpima viwanja na mwalimu anayesahihisha kazi kwenye PDF wataipenda vilevile. Pixel haina kitu cha kulingana na hicho.

Kuhusu masasisho, Samsung inaishia Januari 2031 na Pixel Agosti 2031. Miezi saba isikushughulishe. Mambo ya akili bandia nayo yapite haraka: Galaxy AI ya Samsung ilizinduliwa ikiwa na lugha 13 na Kiswahili hakikuwamo, na kuandika Kiswahili kwa sauti kunapatikana kwenye kibodi ya Google ambayo huwekwa kwenye simu zote mbili.

Lililobaki kwenye ulinganisho ni fundi. Samsung zimejaa nchini kwa miaka mingi, na fundi wa Tanga akikosa kioo cha S24 Ultra humpigia mwenzake wa Kariakoo, na kioo hupanda basi. Cha Pixel huagizwa kutoka mbali zaidi, na wakati mwingine kinacholetwa ni kile kilichotolewa kwenye simu nyingine iliyokufa. Kioo halisi cha simu yoyote kati ya hizi ni ghali kiasi cha kumfanya mtu afikirie kununua simu nyingine. Uliza bei yake kabla ya kununua simu.

Je, S25 Ultra ya Januari 2025? Ni nyepesi zaidi, gramu 218 badala ya 232, ina chipu mpya ya Snapdragon 8 Elite na kamera pana ya megapikseli 50, lakini kalamu yake imepoteza Bluetooth na betri ni ileile. Pengo la bei likiwa dogo, ichukue. Likiwa kubwa, S24 Ultra inatosha.

Ukishaamua, kagua, hasa ikiwa simu imetumika. Piga *#06# upate namba ya IMEI, ilinganishe na ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, inayokujibu ni simu gani iliyosajiliwa kwa namba hiyo; jibu likitaja simu tofauti na unayoishika, mrudishie mwenyewe. Kwenye Samsung, fungua mipangilio usome namba ya modeli: SM-S928B ni ya kimataifa, na SM-S928U ni ya Marekani, yenye nafasi moja ya laini na huenda ikawa imefungwa kwa mtandao wa huko. Simu iliyochukuliwa kwa mkopo nje na haikulipwa inaweza kufungwa kwa mbali na kampuni iliyoitoa, miezi kadhaa baada ya wewe kuilipia, na fundi hana dawa ya uhakika. Kwa hiyo mwambie muuzaji aondoe akaunti yake ya Google na kuifuta simu yote mbele yako, uiwashe upya kwa intaneti yako, uingize akaunti yako, ndipo utoe fedha. Akianza kusema ana haraka, kumbuka kwamba muuzaji wa mkononi ni waja leo waondoka leo; mwenye duka la kudumu na risiti ya EFD utamkuta kesho.

Bajeti ibakize fedha ya chaja, kwa kuwa hakuna kati ya simu hizi inayokuja nayo kwenye boksi. Samsung hufika wati 45 na Pixel wati 37, lakini kwa chaja ya USB-C inayokubali mfumo wa PPS, unaorekebisha volti kadiri simu inavyochaji. Samsung inahitaji pia waya wa ampia 5. Ule uliomo kwenye boksi ni wa ampia 3, na ukiutumia simu itachaji taratibu zaidi bila kukueleza kwa nini.