PES 2025 niliyouziwa Kariakoo, na kama PES itarudi kweli

Kama unataka habari za picha na ukubwa wa memori, tafuta mwenyewe. Mimi nina hasira, na hasira yenyewe ni ya sidii ya shilingi 5,000, ya PES, ile gemu ya mpira ya Konami.

Wiki kadhaa zilizopita, au tuseme mwezi, nilikwenda Kariakoo kununua pedi ya PS2. Ndiyo, PS2, ile PlayStation ya zamani. Kwangu bado inawaka na wanangu wanaigombania. Duka silitaji. Kwenye kioo nikaona kava: Messi na ile jezi ya waridi ya Inter Miami, juu yake PES 2025. Nikamuuliza kijana, "Mdogo wangu, hii ya kweli? Konami wameirudisha?" Akajibu macho yake yakiwa kwenye simu: "Ya kweli, mshua. Mzigo mpya."

Najua, najua. Toleo la mwisho la PS2 lilikuwa PES 2014, na nililijua hilo hata pale nikihesabu noti. Hamu ndiyo iliyolipa.

Nyumbani tukaiweka. Menyu ileile ya 2014, muziki uleule. Real Madrid wanaingia, mgongoni imeandikwa Mbappé, anakimbia kama mtu aliyebeba ndoo kichwani, anafunga, na mtangazaji Jon Champion, sauti ileile ya zamani, anapaza: Benzema! Mwanangu mkubwa akanigeukia. "Baba, huyu mtangazaji haoni?"

Kesho yake nikarudi. Kijana yuleyule, kiti kilekile. Wallahi sikutaka hata hela, nilitaka aseme samahani basi. Akaichukua sidii, akaigeuzageuza, akanirudishia. "Mshua, kwani wewe hujui PES ilishakufa? Shukuru hata jezi umewekewa." Wateja wawili wakacheka. Nina miaka 38, ushua umetoka wapi? Na lililonichoma zaidi ni kwamba muda wote ule, kwenye simu yake, alikuwa anacheza eFootball.

Hiyohiyo iliyoiua PES! PES 2021 ilikuwa ile ya mwaka uliotangulia, wamebadilisha vikosi na jezi tu. Julai 2021 Konami wakatangaza kwamba jina la PES linaondoka, sasa ni eFootball, tena bure. Ilipotoka mwisho wa Septemba, sura za wachezaji zilikuwa za kutishia watoto. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ikashika mkia kabisa kwa alama za wachezaji, na siku hazikupita Konami wakaomba radhi. Kampuni nzima ya Japani imeomba radhi. Huyu wa Kariakoo imemshinda.

Sasa, itarudi? Nikiwa na hasira nasema hairudi. Gemu ya bure inaingiza hela kila siku kwa watu wanaonunua sarafu wabahatishe kadi ya mchezaji. Nani aache hiyo arudi kuuza sidii moja kwa mwaka, tena sidii ambayo sisi huku tunaikopi? Maana tuseme kweli, PES halisi sijawahi kununua hata moja. Adriano wa PES 6, ule mguu wake wa kushoto, nilimcheza kwenye banda la gemu, mia kwa mechi, sidii ya kuchoma. Konami hawakupata hata senti yangu. Kwa hiyo kwenye msiba huu na mimi nina mkono wangu.

Lakini kuna Master League, ile sehemu ya PES unayoongoza timu msimu baada ya msimu, ukianza na wachezaji wa kubuni. Walisema itakuja ndani ya eFootball kama nyongeza ya kulipia, na mimi bado naingoja. Castolo, Minanda, Ivarov, watu ambao hawajawahi kuzaliwa, nawakumbuka kuliko niliomaliza nao darasa la saba. Ikija hiyo, jina liwepo lisiwepo, kwangu PES itakuwa imerudi. Halafu angalia, mwaka 2024 FIFA wenyewe, baada ya kuachana na EA waliokuwa wakitengeneza gemu ya FIFA, kombe lao la dunia la gemu wamelichezesha kwa eFootball kule Riyadh. Sisi tuliokuwa tunachekwa kwa Merseyside Red na London FC, majina ya bandia ya Liverpool na Chelsea! Kampuni iliyofika hapo inashindwaje kutoa PES moja kwa ajili ya wazee? Aa, sijui. Wakati naanza kuandika nilikuwa na uhakika.

Sidii yenyewe nilitaka kuipa sifuri. Tatizo wanangu hawajaitoa kwenye mashine tangu siku ile. Mbappé akifunga sasa wanashangilia "Benzema!" wao wenyewe. Na mle ndani nimekuta Simba na Yanga. Kuna mtu mahali fulani amekesha akichora zile jezi, moja baada ya nyingine, ndani ya gemu iliyotoka 2013, na Konami hawajui hata kama yupo. Halafu naambiwa imekufa. Basi, sidii nyota tatu. Hapana, mbili, ndoo ya Mbappé bado inaniudhi. Muuzaji hana nyota.

Juzi nimepita pale kwa shughuli nyingine. Akaniona, na kwa mara ya kwanza akanyanyua macho. "Mshua, 2026 imeingia."

Elfu saba. Nimemwambia ashushe, hataki. Mpuuzi yule.